Sherehe Bila Matini: Uhakiki wa Kaida za Maktaba za KiCad

Wahakiki wetu wamezoea kuchagua matini zao miongoni mwa tenzi, riwaya na tamthilia. Makala haya yamechagua matini isiyo na mtunzi mmoja wala wahusika, na ambayo aghalabu husomwa na mtu mwenye haraka ya kumaliza kazi nyingine. Matini hiyo ni Kaida za Maktaba za KiCad, yaani mkusanyiko wa kanuni zinazoelekeza namna ya kuchora na kuvipa majina vitu vya umeme katika programu huria ya kusanifu bodi za saketi. Msomaji ana haki ya kuuliza mwalimu wa Kiswahili anatafuta nini humo. Jibu la kwanza ni kwamba niliombwa na wanafunzi kadhaa wa uhandisi niwatafsirie sehemu zake. La pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike haya, ni kwamba humo nilikutana ana kwa ana na suala ambalo sisi wa Kiswahili Sanifu hatujamalizana nalo tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930: nani ana kauli juu ya kilicho sanifu, na je, anayetakiwa kukifuata huelezwa sababu?

Kwanza hatuna budi kuieleza programu yenyewe. KiCad ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras huko Grenoble, Ufaransa. Kuanzia mwaka 2013 taasisi ya CERN ya Geneva ikaanza kuichangia, na mwaka 2019 mradi ukaingia chini ya mwavuli wa Linux Foundation. Ni huria kwa maana kamili ya neno: atakaye huipata bila malipo, huisoma ilivyoandikwa ndani, huibadilisha na kuigawa. Mchoraji huanza kwa mchoro wa saketi, ambamo kila kitu huwakilishwa kwa alama. Dayodi, kwa mfano, ni pembetatu yenye mstari kwenye ncha. Baadaye kila alama hupewa wayo, nao ni umbo la vipande vya shaba ambavyo miguu ya kitu chenyewe italehemiwa juu yake. Alama husomwa na binadamu. Wayo husomwa na kiwanda. Ukikosea alama utaeleweka vibaya, lakini ukikosea wayo, kitu hakitakaa.

Alama na nyayo hizo ni maelfu kwa maelfu, nazo zimechorwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Bila kaida kila mmoja angechora kwa lahaja yake. Kwa hiyo zikaandikwa kanuni, kila moja na namba yake, zikagawanywa chini ya herufi: G kwa mambo ya jumla, S kwa alama, F kwa nyayo, M kwa maumbo ya pande tatu. Nathari yake ni kavu na fupi, na ukavu huo si kasoro. Kwa hakika mahali pengi inafundisha vizuri kuliko vitabu vyetu vingi vya sarufi, kwa sababu haimwachi msomaji na maneno matupu: humwonyesha kwa mchoro. Kanuni ya mpangilio wa pini inasema umeme chanya uwekwe juu, ardhi chini, viingiavyo kushoto na vitokavyo kulia. Msomaji huielewa mara moja, maana ndivyo jicho lake lilivyofundishwa kusoma. (Nilijiuliza mtunzi wa tenzi wa Pate, aliyeandika kwa herufi za Kiarabu kutoka kulia, angeichora vipi saketi yake. Kaida haina haja naye, wala simlaumu mtu kwa hilo.)

Vivyo hivyo pini ya kwanza ya dayodi ni kathodi, nayo hupewa herufi K. Ya pili ni anodi, A. Majina haya yana nasaba inayojulikana: Michael Faraday aliyaingiza katika maandishi yake mwaka 1834 baada ya kushauriana na William Whewell, mtaalamu aliyemtafutia maneno ya Kigiriki. Nataja jambo hili kwa sababu moja tu. Faraday hakuona aibu kumwendea mtu wa lugha. Siku hizi mtu wa lugha akiingia maabara huulizwa amepotea njia gani.

Tuingie sasa katika mambo yenyewe. Kuna mfano mmoja ambao mwanaisimu hawezi kuupita. Katika maktaba ya vitu vya kawaida, rezista imepewa jina R, na umbo lake ni mstatili. Hiyo ndiyo desturi ya IEC 60617, mkusanyiko wa alama wa tume ya kimataifa ya viwango vya umeme. Rezista ya pili ipo pia, ile yenye meno kama ya msumeno, ambayo Wamarekani wameizoea na ambayo imo katika kiwango chao cha IEEE 315 cha mwaka 1975. Hiyo imeitwa R_US. Mchoraji wa Lyon na mchoraji wa Boston wote wamehudumiwa, lakini hawakuhudumiwa sawasawa. Mmoja amepewa jina tupu. Mwenzake amepewa jina lenye kiambishi kinachotaja kwao. Sisi wa pwani ya Kenya tunaijua hali hiyo barabara. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kukichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, neno njia likawa ni Kiswahili, na ndia likawa ni Kimvita. La kwanza huingia kamusini bila kuulizwa litokako. La pili, likibahatika kuingia, huingia likiwa limebandikwa jina la mji wake.

Hata hivyo nitakuwa dhalimu nikiishia hapo. R_US haikufutwa. Imewekwa kando ya R, katika maktaba ile ile, na mtu yeyote huiona anapotafuta. Kaida imekiri kwamba ina lahaja, na imekiri hadharani. Lau wasanifishaji wetu wangeyafanya hayo kwa moyo mkunjufu kiasi hicho, magomvi mengi ya miaka ya baadaye yangepungua. Tena ni mara chache duniani Mmarekani kuwekwa pembeni, na msomaji atanisamehe nikisema kwamba niliifurahia kidogo kiroja hiyo.

Lakini kuna kiambishi kingine ambacho hakinifurahishi. Nyayo nyingi za vitu vidogo zina sura mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, nayo hukusudiwa mashine inayopanga vitu juu ya bodi na tanuri linaloyeyusha lehemu. Ya pili vipande vyake vya shaba vimerefushwa kidogo ili ncha ya chuma cha kulehemia ipate pa kugusa, na jina lake hufungwa kwa neno HandSolder, yaani kulehemu kwa mkono. Hapa asiyetambulishwa ni kiwanda. Mkono ndio ulioitiwa kiambishi. Katika maabara ninazozijua mimi mambo ni kinyume: mkono ndio hali ya kawaida, na mashine ndiyo jambo la kuelezwa. Mwanafunzi wa kwetu huchagua jina tupu kwa kudhani kwamba jina tupu ni lake. Kisha hugundua, bodi ikiwa imekwisha kuchapwa na kulipiwa, kwamba alichagua lahaja ya watu wengine. Katika umbo la jina, asiyetambulishwa ndiye mwenye nyumba. Kila mwingine ni mgeni aliyekaribishwa.

Hapa naomba kueleza mkasa mmoja, kwa kuwa ndio uliozaa uhakiki huu. Mmoja wa wanafunzi walionijia alikuja na bodi kumi mkononi, zote hazifai. Alikuwa na rezista za ukubwa uitwao 0603. Alipoandika namba hiyo katika kisanduku cha kutafutia, akaletewa nyayo mbili: R_0201_0603Metric na R_0603_1608Metric. Akafikiri hivi: Kenya tunatumia meta, na katika jina la kwanza neno la meta limeandamana na 0603, basi hilo ndilo langu. Kumbe 0603 ya wauzaji wengi ni ya inchi, takriban milimita 1.6 kwa 0.8, na 0603 ya meta ni milimita 0.6 kwa 0.3, kitu ambacho mtu akikohoa kinapotea. Rezista zake zilikaa juu ya nyayo zile kama mtu mzima aliyeketi kwenye kiti cha chekechea.

Je, kaida ilikosea? La hasha. Jina lile ni sahihi kupita kiasi. Limebeba vipimo vyote viwili, cha inchi kwanza na cha meta nyuma yake, ili pasitokee utata. Lakini ni usahihi wa aina ya pekee: anayejua tayari huliona jina limekamilika, na asiyejua hulisoma kama fumbo ambalo jibu lake liko kwa mfumbaji. Na ikiwa msomaji anadhani mwanafunzi yule alikuwa mzembe, na aangalie kaida zenyewe zinavyoyumba katika jambo hili hili. Zinataka vipimo vya maktaba viwe vya mfumo wa meta. Wakati huohuo pini za alama hutakiwa kukaa kwenye miraba ya milimita 2.54, na 2.54 si chochote ila sehemu ya kumi ya inchi iliyovishwa kanzu ya meta. Sababu za kihistoria zipo: miguu ya vitu vya umeme ilipangwa kwa inchi kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Kwa nini basi sababu hiyo isitajwe kwa sentensi moja?

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini. Vitabu vya mashairi ya Kiswahili vilizoea kufungwa kwa kurasa ziitwazo sherehe, ambamo maneno magumu hufafanuliwa. Sherehe haisimami peke yake. Mtu huisoma akiwa na kidole kimoja kwenye ubeti. Nimekuja kuamini kwamba Kaida za Maktaba za KiCad, kwa sehemu kubwa, ni sherehe. Na kwamba matini yake imefungwa kabatini. Ukubwa wa nyayo unatokana na IPC-7351, kitabu kilichotolewa mwaka 2005 na shirika la IPC, lililoanzishwa Marekani mwaka 1957. Alama zinatokana na IEC 60617. Vyote viwili hupatikana kwa kununua. Programu ni huria, maktaba ni huria, kaida ni huria. Lakini chemchemi zinamotoka zina mlango wenye kufuli. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, kadi yangu ya maktaba ilinifungulia viwango hivi pamoja na vingine nisivyovihitaji, nami sikujua hata kama vina bei. Nilikuja kujua niliporudi nyumbani, siku nilipotaka kumwonyesha mtu ukurasa mmoja.

Mfano wa dhahiri ni kanuni ya ua. Ua, katika istilahi hii, ni mstari unaozunguka kitu na wayo wake ili vitu vingine visikaribie mno, kama vile boma lizungukavyo nyumba. (Nimelitumia neno letu bila kusita; ni tafsiri ambayo haikunigharimu hata dakika moja.) Kaida yasema ua uwe umbali wa milimita 0.25 kwa vitu vya kawaida, 0.15 kwa vilivyo vidogo kuliko 0603, 0.5 kwa viunganishi, na milimita 1.0 kwa vile vyenye vitufe vya lehemu tumboni. Msomaji hutii. Lakini robo milimita hiyo imetoka wapi? Anayefungua kitabu cha asili hukuta kwamba si kipimo kimoja. Zipo ngazi tatu za msongamano: ya kwanza huacha nafasi kubwa, ya mwisho hubana kabisa, na ya kati ndiyo ya wastani. Kwa vitu vingi ua wa ngazi hizo ni nusu milimita, robo milimita, na sehemu ya kumi ya milimita. Kaida ilichukua ya kati, na kwa maktaba ya ulimwengu mzima huo ni uteuzi wa busara. Nisichokikubali ni kwamba sherehe imebakiza jibu ikaondoa swali. Mchoraji wa simu ya mkononi angependa kubana. Mchoraji wa kifaa ambacho fundi wa Gikomba atakifungua na kukitengeneza mara tatu kabla hakijafa angependa nafasi kubwa, ncha ya chuma ipate kupita. Hawa wawili hawana ugomvi na kiwango chenyewe, kwa kuwa kiliwafikiria wote. Wamenyimwa habari tu kwamba walifikiriwa.

Yamkini mtu wa uhandisi atanijibu kwamba kaida si darasa. Kazi yake, atasema, ni kumwezesha anayekagua michango kuamua upesi: imefuata au haikufuata. Hoja hii ina uzito. Waangalizi wa maktaba wanajitolea, michango ni mingi, na wamekwisha kuandika hati za kompyuta zinazokagua sehemu ya kanuni zenyewe kabla ya binadamu kutia jicho. Nakiri pia kwamba kanuni iliyojaa hadithi haikaguliki na mashine. Lakini tazama mashine inakagua nini. Inaweza kujua kwamba pini imekaa juu ya mraba na kwamba jina halina herufi iliyokatazwa. Kama wayo unalingana na kitu alichokiuza mtengenezaji, hilo humlazimu binadamu kuchukua karatasi ya maelezo ya kitu na kulinganisha. Kwa hiyo nusu ya pili ya kazi, iliyo muhimu zaidi, inategemea watu wanaoelewa. Na watu wanaoelewa hawapatikani kwa kutiishwa.

Isitoshe, waandishi wa mradi huu si kwamba hawajui kueleza sababu. Wasome wanapozungumzia leseni. Maktaba hutolewa chini ya Creative Commons inayomtaka anayezigawa kuwataja wenye kazi na kugawa kwa masharti yale yale, kisha kukawekwa msamaha: bodi uliyoichora kwa kutumia alama na nyayo hizo haibanwi na masharti hayo, bali anayekusanya maktaba na kuzigawa kama maktaba ndiye anayebanwa. Maelezo yanayofuatana na msamaha huo ni nathari bora kabisa katika nyaraka zote za mradi. Yanatarajia hofu ya msomaji, yanaijibu, yanatofautisha hali moja na nyingine, na hayamfanyi mtu mjinga. Yaelekea mahali palipohofiwa mawakili paliandikwa kwa subira. Mahali palipotarajiwa wanafunzi paliandikwa namba.

Limebaki suala la lugha. Kanuni moja katika kundi la G inataka Kiingereza kitumike katika maktaba. Sitaipigia kelele. Maktaba moja haiwezi kuwa na rezista kwa majina arobaini, na hata Mfaransa aliyeianzisha KiCad ameridhia. Kinachonisumbua zaidi ni namna nyaraka za matumizi zinavyotafsiriwa. Zipo kwa Kifaransa, Kijapani, Kiitaliano na lugha nyingine, na tafsiri hizo hufanywa kwa kuikata matini vipande vipande, kila kipande kikiwekwa mbele ya mtafsiri peke yake. Kipande cha asili kikibadilishwa, hata kwa neno moja, tafsiri yake hutiliwa shaka na Kiingereza hurejea mahali pake mpaka mtu aihakikishe upya. Kwa Kifaransa hasara ni ndogo. Kwa Kiswahili, ambamo kiima cha sentensi ya kwanza huendelea kuishi katika viambishi vya sentensi tano zinazofuata, kukata hivyo ni kukata mishipa. Nilipewa kipande chenye maana ya kwamba kinapaswa kuwa kwenye tabaka la juu. Ni kitu gani hicho? Kama ni wayo ni unapaswa, kama ni alama ni inapaswa, kama ni vipande vya shaba ni vinapaswa. Kiingereza kilikuwa na kiwakilishi kimoja kwa vyote, na mtu aliyekata hakujua kwamba anakata.

Kwa sababu hiyo nimeacha vipande, nikatafsiri ukurasa mzima mzima, kwa mtindo wa kizamani. Kanuni ya ua imenichukua sentensi tatu. Kisha nimeongeza ya nne ambayo haimo katika asili, inayotaja ngazi tatu za nafasi na kusema kila moja yamfaa nani. Najua mtafsiri hana ruhusa hiyo. Nimeitia ndani ya mabano ya mraba, kama wahariri wa tenzi wafanyavyo wanapoujaza mshororo uliopotea, ili ijulikane kwamba ni yangu, na nakala yake ya Kiingereza nimeiandika niipeleke kwa waangalizi wa kaida pamoja na sababu zake.